Gari Lisilokunywa Mafuta

Jumatatu, 2 Julai 2018. Nambis.

Nimefanya jambo la kijinga. Nimejitolea.

Mke wangu Letisia alipigiwa simu kutoka Nangwa tukiwa tunakula mchana. Baba yake, Mzee Bura, haoni tena hata mlango wa zizi. Juzi alimsalimia ndama akidhani ni mjukuu. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Na madaktari wa macho wapo Mbulu mjini wiki hii tu, wanafunga orodha Alhamisi saa sita mchana. Ukikosa, mpaka mwakani, na yeye umri umekwenda. Letisia akaanza kulia ndani ya sahani. Kabla sijafikiri, mdomo wangu ukasema nitamleta mimi kwa gari.

Akanitazama. Najua alichokuwa anawaza. Miaka sita iliyopita, siku ya kumzika mama mkwe, pikipiki yangu iliishiwa mafuta mlimani Dareda. Nilifika watu wanaosha majembe. Tangu siku ile Mzee Bura hajanitaja kwa jina. Nikizungumzwa, mimi ni yule wa pikipiki.

Sasa nina gari. Haibridi! Limetoka Japani, nimelinunua kwa vitunguu saumu vya misimu mitatu. Lina injini ya petroli, na lina betri kubwa chini ya kiti cha nyuma. Ukiliwasha, mwanamke wa Kijapani husema sentensi moja, kwa upole sana. Sijui anasema nini. Naamini ananionya kuhusu mafuta.

Geji ina vijiti kumi. Leo vinawaka vinne. Naogopa.

Jumanne, 3 Julai.

Nimekwenda mjini kwa fundi Nicodemo. Nilimuuliza gari hili linaweza kwenda umbali gani kwa betri peke yake. Akasema betri ni msaidizi, si bosi. Petroli ikikatika, utasogea kilomita moja, labda mbili, halafu utashuka kusukuma, na betri yenyewe unaweza kuiua. Jaza tenki, basi. Nikamwambia ushauri wa namna hiyo hata bibi yangu angenipa bure.

Lakini akaongeza neno moja la maana. Kwenye mteremko, gari linajichaji lenyewe. Alilisema mara moja, mimi nikalisikia mara kumi. Toka Bashanet mpaka Dareda ni mteremko mtupu! Mungu ameumba kituo cha mafuta cha bure na watu wanakipita kila siku bila kujua.

Jioni alikuja jirani yangu Evarist, mwenye lile Land Rover la dizeli lenye umri mkubwa kuliko mkoa wetu. Akasema haibridi ni uongo wa Wajapani. Nikaapa mbele ya mke wangu kwamba nitakwenda Nangwa na kurudi kwa vijiti vinne hivi hivi. Evarist akasema yeye kesho anapeleka mzigo Babati na Alhamisi asubuhi anarudi, angeweza kumpitia mzee pale barabarani, bila malipo. Nikakataa haraka mpaka nikapaliwa.

Baadaye woga ukanishika. Nikanunua dumu la lita kumi za petroli, nikalificha stoo. Haikupita saa moja Letisia akaja na kichwa cha kitunguu saumu mkononi, akaninusisha. Kinanuka sheli. Gunia zima! Akauliza kama hivi ni vya kula au vya kuwashia taa. Dumu limehamia kwenye buti la gari. Akaongeza kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamjibu kwamba guu langu lina magurudumu manne.

Jumatano, 4 Julai. Nangwa.

Nipo hai. Nashukuru.

Nilizima redio, feni, kila kitu. Nikakunja vioo vya pembeni ili upepo upite vizuri. Mpango ulikuwa mzuri, ila haukuhesabu wazee. Kabla ya Dongobesh alisimama bibi mmoja na debe la maharage. Huwezi kumpita mtu mzima aliyenyoosha mkono, hasa ukiwa peke yako ndani ya gari. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, panda. Mbele kidogo mzee na beberu. Mbele tena wawili. Mpaka Bashanet gari lilikuwa limeinama nyuma, na kijiti kimoja kimeondoka na hao wazee.

Halafu mteremko. Nikatoa gia, nikatia free, kama madereva wa malori ya zamani, ili gari lishuke lenyewe huku betri ikinywa. Jamani! Kona ya pili nilikanyaga breki nikasikia harufu ya kuungua. Kona ya tatu beberu alinilambalamba shingo, nami nikapiga yowe, bibi naye akaanza Salamu Maria kwa sauti. Tukaisali wote mpaka chini. Nilipofika nikatazama betri. Haijaongezeka hata kidogo! Nikampigia Nicodemo. Anasema ukitia free halichaji. Sasa ndiyo anasema!

Mzee Bura alikuwa amekaa nje ya nyumba, uso umeelekea juani. Nikamwamkia. Marahaba ilichelewa kutoka. Akauliza kama nimekuja na ile pikipiki. Hapo ndipo nilipoharibu. Nikasema, baba, safari hii nimekuja na gari lisilokunywa mafuta.

Akageuza uso wake kwangu. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi! Akawaita majirani wasikie. Mkwe wake ana gari lisilokunywa mafuta. Ningeyarudishaje maneno yale?

Kisha akasema haendi kwenye kisu bila kumuaga Mzee Gidabuday wa Gendabi, aliyechunga naye ng'ombe miaka arobaini. Gendabi si njiani. Lakini mkwe hambishii baba mkwe. Twende. Gari si halinywi?

Kule Gendabi tulipokelewa kwa heshima, tukapewa kibuyu cha maziwa. Nilipofungua buti kukiweka, Mzee Bura alikuwa nyuma yangu. Macho hayaoni, ila pua ni ya mwindaji. Akauliza petroli ni ya nini kwenye gari lisilokunywa. Nikasema ni zawadi, nimemletea Mzee Gidabuday kwa ajili ya pikipiki ya mwanawe. Kumbe pikipiki hiyo ililala tangu Pasaka kwa kukosa mafuta! Mzee Gidabuday akanibariki mpaka miguu ikachoka. Lita kumi zangu zikaingia ndani na hazikutoka.

Tumerudi Nangwa na vijiti viwili. Nimelala chumba cha wageni lakini usingizi hakuna.

Alhamisi, 5 Julai. Mbulu mjini.

Nitaandika yote, hata kama yananidhalilisha.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mpango: mzee haoni, kwa hiyo nitaingia sheli kimya kimya, nijaze, niondoke. Nikaingia sheli ya kwanza. Nikamwambia mzee nakagua tairi. Akanusa. Akasema pananuka petroli. Nikasema kuna lori hapa la watu wa kizamani, baba, linajazwa, maskini. Nikashusha kioo nimkonyeze kijana wa pampu. Mjinga yule akapaza sauti, bosi, niweke ya shilingi ngapi? Mzee akageuza sikio. Nikang'oa gari kwa kasi kama nimeiba.

Kufika Dareda kijiti kilibaki kimoja, kinamulika. Kulikuwa na sheli nyingine. Niliiona. Niliitamani. Nikasema moyoni, hata kama ni aibu, ingia. Wakati huohuo mzee akaanza kunisifu. Akasema mke wake angeliona gari hili angenisamehe. Basi, mikono ikakataa kukata kona. Nikapita.

Kona ya nne ya mlima, taa zote za dashibodi zikawa nyekundu. Gari likatembea kwa betri, kimya, kama mita mia tatu hivi. Halafu likasimama. Mlima uleule wa pikipiki!

Mzee akauliza mbona tumesimama. Nikasema linapumzika. Akauliza ni saa ngapi. Saa mbili na nusu. Akakaa. Akauliza tena. Saa tatu. Akauliza tena, nami nikamdanganya, nikapunguza robo saa.

Ndipo akasema, bila hasira, kwamba msalaba mpya wa kaburi la mkewe uliwekwa mwaka jana. Hajauona. Huwa anaupapasa kwa vidole, anasoma jina herufi moja moja, na ile ya mwisho imeanza kubanduka. Alitaka auone kabla haijabanduka yote. Hiyo tu ndiyo shida yake na hao madaktari.

Nilishuka nikajifanya nakagua injini, nikalia. Sikuwa nalilia jina langu tena. Nilikuwa naona saa sita inakuja, na mimi ndiye nimemkalisha pale njiani. Nilisimamisha malori mawili. Yote yalikuwa yanashuka.

Saa nne kasoro, mngurumo. Naujua mngurumo ule hata nikiwa kaburini. Evarist! Sikuwahi kufikiri ningemkimbilia Evarist nimenyoosha mikono. Akampandisha mzee mbele kwa adabu, shikamoo baba, pole sana baba. Kisha akaniuliza kwa sauti tatizo nini. Nikasema kompyuta. Akafungua kifuniko cha tenki, akalitikisa gari, akasikiliza. Akasema kweli, kompyuta imekauka.

Akanifunga kamba. Nimevutwa kutoka mlimani Dareda hadi Mbulu mjini, nimeshika usukani, nakula vumbi la Land Rover. Dongobesh kina mama wakapiga vigelegele wakidhani ni harusi. Evarist naye akawajibu kwa honi.

Tulifika saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Nesi alikuwa ameshafunika kalamu. Letisia, aliyekuwa anatusubiri pale tangu asubuhi, alipiga magoti mbele yake, shati langu nalo lilikuwa jekundu kwa vumbi, nadhani nesi alituonea huruma. Akaifunua. Mzee Bura ndiye wa mwisho kwenye orodha. Wamemfanyia upasuaji wa jicho la kulia.

Ijumaa, 6 Julai.

Bandeji imetolewa asubuhi. Letisia alisimama mbele yake akiwa ameshika khanga mdomoni. Mzee alimtazama muda mrefu, akasema amefanana na mama yake mpaka inaumiza. Hakuna aliyejizuia kulia. Hata Evarist, eti alikuja kusalimia tu.

Kisha akanitazama mimi. Akasema, Onesphory.

Jina langu! Nilitaka kumshika miguu. Akaongeza kwamba kumbe nina sura ya mtu mwoga, wala hajawahi kuiona vizuri. Wodi nzima ikacheka. Nimekubali. Kwa jina langu, aongeze anachotaka.

Nesi ametoa masharti: asiiname, asibebe mzigo mzito, dawa ya matone mara nne kwa siku. Kuhusu mafuta mzee hajauliza neno. Hajauliza kabisa! Ukimya huo unanitisha kuliko kelele. Inawezekana hakuelewa yale ya kompyuta. Nimeamua kuamini hivyo. Letisia ameweka lita mbili kwenye tenki na ameniagiza kesho nijaze kabla ya kumrudisha mzee Nangwa.

Jumamosi, 7 Julai. Sabasaba. Kandoni mwa barabara, mbele ya Dongobesh.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti cha dereva. Mlango wazi. Upepo mzuri.

Sikujaza. Nieleweke! Nilikaa chini nikapiga hesabu. Kwenda Nangwa ni kushuka. Kosa la Jumatano lilikuwa free, si mafuta. Safari hii nisingetia free, lingejichaji, ningefika na betri imejaa mpaka inamwagika. Na Letisia alibaki Nambis, kwa hiyo hakuna wa kunichungulia.

Nilimsahau mzee. Jicho lile linaona kila kitu! Linasoma vibao, mabati, matangazo ya kanisa. Tukapita pale wanapouza petroli, akanyoosha kidole, akaniambia nisimame tujaze, yeye atalipa. Nikamwambia ile ni ya magari ya kawaida. Mbele kidogo akauliza kijiti kile kimoja kinamulika nini. Nikasema kinafurahia safari, baba.

Likazima kilomita mbili baadaye. Kabla ya mteremko! Wallahi, kutoka hapa nilipo naona kwa mbali pale barabara inapoanza kushuka. Kungekuwa na lita moja tu.

Mzee hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Alishuka, akavaa kofia yake vizuri, akasema mimi nikae na gari langu, njia anaiona. Nilimkatalia mara tatu, kwa kweli. Mara ya nne nikamtafutia chupa ya kununulia petroli. Na nikachagua ndogo, ya lita moja, kwa sababu nesi alikataza mzigo. Mimi si mkatili.

Ameondoka kama robo saa iliyopita. Anatembea vizuri sana, jicho limepona kweli. Naona watu wanasimama barabarani wanamwamkia, naye anageuka, ananionyesha kwa kidole. Ninachoogopa ni kitu kimoja: asije akawaambia kwamba gari limeishiwa mafuta. Akirudi nitamweleza taratibu kwamba petroli ile ni ya kuamshia betri tu. Baada ya hapo halinywi.