Deki ya Leodegari

Jumatatu, 9 Juni

Baridi ya mtaa wetu wa Lizaboni inauma. Lakini mpango umezaliwa!

Sababu ni hii. Tangu mke wangu Kasiana afariki, sura yake ninayo, ila sauti inanitoka. Jana nilikaa nikitafuta kichwani alivyokuwa akiniita. Kimya. Siku ya harusi yetu, akinilisha keki, aliniinamia akaniambia neno tamu. Nilicheka mpaka keki ikanitokea puani. Neno lenyewe? Nimesahau! Mjinga mimi.

Mkanda wa harusi anao kaka yake, shemeji Leodegari, pamoja na deki ya video inayofanya kazi. Nimekwenda kuazima. Thubutu! Eti pampu yake ya baiskeli niliirudisha bila mpini, na ngazi yake hajaiona mpaka leo. Kasema niende nikatazamie kwake. Nimlilie mke wangu mbele ya Leodegari? Sitaki. Tena anadai neno la keki analijua: Kasiana aliniambia nifute mdomo. Mwongo!

Nimetundika kibao mlangoni. BEDA DIJITALI. KANDA ZA ZAMANI KWENYE SIMU YAKO. WIKI HII BURE. Leodegari ni mkono wa birika. Akiona bure, atabeba mkanda na deki mwenyewe.

Jumatano, 11 Juni

Leodegari kapita, kasoma kibao, kacheka, kaenda zake.

Aliyekuja ni jirani Zulfa, na mkanda wa jando la kaka yake. Umeota ukungu. Nikamwambia asijali, ufundi tunao. Mahindi yakipata ukungu si tunaanika? Nikaufungua, nikauanika kwenye turubai pamoja na mahindi yangu. Nimeingia ndani kunywa chai tu. Jogoo kauona utepe, kadhani nyungunyungu! Kaukokota mpaka migombani, kuku wote nyuma yake.

Zulfa amelia. Kasema marehemu baba yake alikuwa anacheza ngoma humo. Nimeona aibu kweli, maana kilio kile nakijua.

Alhamisi, 12 Juni

Leodegari yuko mazoezi ya kwaya. Nikamwendea mkewe, Beata. Nikamwambia mumewe ameniagiza nichukue deki nikaisafishe, na ule mkanda wa harusi wa kujaribia. Kanipa. Kanifungia na kande! Mwanamke mwema sana yule, sijui alimkubalia nini Leodegari.

Ijumaa, 13 Juni

Deki imenguruma, picha ikatokea. Kasiana! Gauni la kuazima, shela refu, na ule mwanya wake. Nikashika simu mbele ya televisheni kurekodi. Ndiyo dijitali yenyewe hiyo. Keki ikafika. Akainama. Mdomo ukafunguka.

Kwaya! Mpiga picha alibandika nyimbo kuanzia kanisani mpaka ukumbini. Enzi zile video ya harusi bila nyimbo ilionekana haijakamilika. Mdomo wake unacheza, mimi nacheka, wao wanaimba aleluya. Nimerudisha nyuma, nimerudisha tena, mpaka kidole kimekufa ganzi. Mama wee!

Kisha nikasikiliza nilichorekodi. Kuna kwaya, na kuna mimi nikimbembeleza aseme, mke wangu, sema basi. Kande sijazigusa. Nina hamu naye, jamani.

Jumamosi, 14 Juni

Leodegari amegundua. Hakuja mwenyewe. Kamtuma mtani wetu Mwanahawa, yule ambaye kwenye msiba wa Kasiana alijifunga kitenge cha marehemu akamwigiza mpaka waombolezaji wakacheka. Siku ile sikumsikia. Nilikuwa nimezimia nyuma ya nyumba, wananimwagia maji.

Leo kasimama uani, mkono kiunoni, kidevu juu. Akafoka: "We Bedaaa! Rudisha deki ya kaka yangu! Vya watu vina utamu gani?"

Kasiana! Sauti ileile! Hata jina langu kalivuta vilevile. Nikakaa chini juu ya mahindi. Majirani walijaa uani wakicheka, Zulfa kuliko wote, na ana haki. Mtani hakasirikiwi, na nani alitaka kukasirika? Nikamwomba anigombeze tena. Kanigombeza vizuri sana: ngazi, pampu, soksi chini ya kitanda. Nikamwomba neno la keki. Kasema hilo hakulisikia, ataliigaje? Ila deki isiporudi, yeye atarudi.

Jumapili, 15 Juni

Deki nimeifuta vumbi, nimeifunga kwenye gazeti, nimefika nayo mlangoni.

Nikasimama. Nikiirudisha, Mwanahawa atakuja kufanya nini?

Nimeisukuma chini ya kitanda. Baada ya misa Beata kaniuliza deki iko wapi, nikamwambia bado inakauka. Jioni nimepita kwa Leodegari kwa adabu zote kuomba toroli. Kafunga mlango. Hakuna neno, toroli linapolala nimeshapaona. Toroli ni kubwa kuliko deki. Kwa toroli nitagombezwa mpaka jua lizame.

Uani nimeshafagia. Kigoda changu nimekiweka palepale, mbele ya mahali atakaposimama.