Nyigu wa Mlango wa Studio

Jumatatu, 3 Machi

Nyigu wamemuuma mke wangu mdomoni. Mdomo wa juu, katikati kabisa. Alikuwa anafungua mlango wa studio kama afanyavyo kila asubuhi, mara akapiga yowe nikadhani kamera imeanguka. Nikatoka mbio. Kamera ilikuwa salama. Nikashukuru kwa sauti. Hakupenda.

Kiota kiko juu ya mlango, pale bati linapokutana na ukuta. Kikubwa kama ngumi ya mtu mzima, cha kijivu, kimening'inia kwa kikonyo kama tunda. Wamejenga bila hodi, na juu ya mlango wangu wa riziki!

Mke wangu akasema, kwa shida maana mdomo ulishajaa, niende kwa Misumari nikanunue dawa ya kupuliza. Misumari! Huyu mwenye duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara, ambaye tangu mwaka jana ametundika shuka jeupe katikati ya makopo ya rangi na anawapiga watu picha za pasipoti. Kwa simu! Mimi nina taa, nina mwavuli wa kurudisha mwanga, nina kiti cha kuzunguka, na nimezeeka nikiwaambia watu wainue kidevu. Nikamweleza mke wangu haya yote kwa kirefu. Yeye ameshika barafu mdomoni, mimi naeleza. Nikamaliza kwa kusema kwamba dawa ya Misumari haitaingia nyumba hii. Nyigu nitawaondoa mwenyewe, kwa vitu vya jikoni.

Jioni akafunga begi, akaenda kwa dada yake. Atarudi nyigu wakiondoka, ndivyo alivyosema.

Mama mkwe anakaa nasi chumba cha nyuma. Nilitegemea angemfuata bintiye. Wapi! Amesema yeye hana ugomvi na nyigu, na chai yake leo haikukolea majani.

Jumanne, 4 Machi

Mtego! Nimekata shingo ya chupa ya soda, nikaigeuza ikawa faneli, ndani maji ya sukari. Nyigu anaingia, njia ya kutokea haioni. Nikaitundika hatua chache tu kutoka kiotani, nikakaa kusubiri.

Wakaja. Si wangu peke yao. Nyigu wa mitaa mingine. Nyuki. Nzi wa kila rangi. Sisimizi wakapanga mstari ukutani kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwa wateja. Ndani ya chupa akaingia nyigu mmoja tu, mzee, nadhani alikuwa anatafuta pa kufia.

Mteja naye akaja, wa kwanza wiki hii. Mwalimu mstaafu, anataka picha ya pasipoti aende ng'ambo kumwona mjukuu wake wa kwanza. Ametia tai. Hajafika mlangoni, nyigu kwenye kope. Jicho likajifunga papo hapo.

Nikamwambia asihofu, nitampiga picha ya upande. Akasema pasipoti inataka macho mawili. Nikamwambia basi lile zima nitalinakili kwenye kompyuta, niligeuze, nilibandike upande wa pili. Akanitazama kwa hilo moja alilobaki nalo. Kisha akavuka barabara.

Nilichungulia nyuma ya pazia. Misumari amempa kiti, amempa maji baridi na kitambaa, amemwambia arudi uvimbe ukishuka. Kiti! Kwani mimi sina kiti? Changu kinazunguka!

Mama mkwe ameuliza kama kesho nyigu nitawatilia na maziwa.

Alhamisi, 6 Machi

Jana sikuandika. Mkono wa kulia ulikuwa kama andazi. Chupa haikutaka kutolewa.

Leo moshi. Kila mtu anajua mdudu na moshi havikai pamoja. Nikachukua karai bovu, makaa, matambara yenye unyevu, maganda ya machungwa, na juu yake pilipili kavu zote zilizokuwamo kabatini. Nikaliweka chini ya mlango. Nikapepea kwa bahasha ya picha.

Upepo, ambao wiki nzima hakuna aliyeuona, ukaamka. Moshi wote ukaingia studio, ukapita sebuleni, ukaenda moja kwa moja chumba cha nyuma kana kwamba umeagizwa. Mama mkwe akatoka na khanga usoni, anapiga chafya, anatukana ukoo wangu mmoja mmoja kwa utaratibu. Mama wa jirani akafunga madirisha. Mwendesha baiskeli akashuka, akalia machozi, akaendelea kwa miguu.

Nyigu? Wametulia juu pale. Nilimwona mmoja anajifuta uso kwa mguu wa mbele, pole pole, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

“Baba,” mama mkwe akaniambia, macho mekundu, “wanaolia hapa ni sisi tu.”

Pazia la nyuma, lile la bluu lenye mawingu, sasa linanuka pilipili. Mtoto yeyote nitakayemkalisha mbele yake atalia. Misumari naye alikuwa amesimama mlangoni kwake mikono kifuani. Hakucheka. Hilo ndilo linalouma zaidi, hakucheka.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu amepiga simu. Akauliza nyigu wangapi wamebaki. Nikasema hakuna. Sijui neno lilitoka wapi, lilitoka lenyewe, na likitoka hivyo mtu afanye nini? Akaniuliza ni kweli? Nikasema njoo uone. Amesema atakuja Jumapili.

Kwa hiyo sina muda wa mchezo.

Nimewahi kusikia kwamba nyigu haingii eneo la nyigu mwingine. Basi nikatengeneza kiota cha bandia. Mfuko wa karatasi, ndani nimejaza picha zilizoharibika ukawa duara zuri. Nikautundika karibu na kile cha kweli ili waogope, wafungashe.

Kwanza walikuja wawili kuutazama. Nikafurahi. Wakaja zaidi. Nikafurahi zaidi. Nikasogea na lenzi ya mbali kuangalia hofu yao. Hawakuwa na hofu. Walikuwa wanatafuna! Wanachuna karatasi nyuzi nyuzi, wanaibeba, wanakwenda kuongezea nyumba yao. Nimewaletea vifaa vya ujenzi mlangoni. Kufikia alasiri kiota kina chumba kipya.

Hapo ndipo Misumari alipovuka barabara. Mkononi kopo la dawa.

“Jirani,” akasema, “chukua hili. Puliza jioni wakiwa wametulia, funga mlango, umemaliza.”

Nikamwambia asante, mambo yangu yanakwenda vizuri.

Akatazama kiota. Akatazama mfuko. “Sikuuzii,” akasema. “Shemeji yangu ameumia, mwalimu naye ameumia. Chukua tu.”

Shemeji yangu! Mke wangu amekuwa shemeji yake tangu lini? Nikamjibu kwamba mpiga picha halisi hasaidiwi na mtu anayetumia simu. Akaitikia kwa kichwa pole pole, kama daktari aliyesikia kikohozi kibaya, akarudi kwake.

Mama mkwe alikuwa dirishani. Chakula cha jioni nimekula peke yangu jikoni, yeye amekula chumbani.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Kwa kifupi, basi.

Mpango ulikuwa mzuri. Sabuni ya unga, siki, maji ya moto, vyote ndani ya chupa ya kunyunyizia nguo za pasi. Sabuni huziba pumzi ya mdudu, nimesoma mahali. Nikavaa koti la mvua, glavu za kuoshea vyombo, kofia ya pikipiki, na shingoni nikazungushia shela ya studio, ile ninayowaazima mabibi harusi. Suruali nikaichomeka ndani ya soksi. Nikapanda juu ya meza.

Mama mkwe akaniomba nishuke. Aliomba vizuri, sitamsingizia. “Baba, shuka. Nenda kavuke hapo barabarani tu. Hutapungukiwa kitu.” Nikamwambia asogee nyuma.

Nikanyunyiza. Walioloana wakaanguka, kweli wakaanguka! Nikashangilia. Ndipo chupa ikaziba, sabuni ilikuwa haijayeyuka. Ndani ya kofia pumzi yangu ikafanya ukungu, sioni mbele wala nyuma. Nikachukua fagio nikapiga mahali nilipodhani pana kiota.

Hesabu ya mahali ilikuwa sawa. Kilianguka. Kilianguka ndani, maana mlango niliuacha wazi, kikabiringika sakafuni hadi chini ya kiti cha kuzunguka, kikapasuka.

Nilikimbilia chooni na shela yangu, nikafunga mlango. Wawili waliingia nami, ndani ya shela. Nilipiga kelele nyingi ambazo sitaziandika hapa. Nilimsikia mama mkwe anatoka kwa mlango wa nyuma, anaita kwa sauti ambayo sikujua bado anayo. Anamwita Misumari. Kwa jina la heshima! Anamwita “mwanangu”!

Akaja. Nikasikia mlio wa kopo, pshhh, pshhh, taratibu, bila haraka. Kisha madirisha yakafunguliwa. Kisha akabisha mlango wa choo, akaniambia naweza kutoka.

Nilikaa ndani kidogo zaidi. Mtu hutoka chooni kwake kwa wakati wake.

Nilipotoka alikuwa ameshaondoka. Sakafu imefagiliwa.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu amekuja. Uvimbe umekwisha, amesuka nywele, amependeza. Nikampokea mlangoni, uso wangu kama mkate, nikamwonyesha juu: safi, hakuna kitu! Nikamwambia nimewamaliza kwa mikono yangu.

Akamtazama mama yake. Mama yake akatazama sakafu. Nikajua simu zimepigwa.

Akakaa kwenye kiti cha kuzunguka. Hakukizungusha. Nikaanza kumweleza kuhusu sabuni isiyoyeyuka. Akainua mkono.

“Mimi sikuondoka kwa ajili ya nyigu,” akasema. “Nimesimama mbele yako mdomo umevimba, nashindwa hata kumeza mate, na wewe unanieleza habari za Misumari. Hukuniuliza kama inauma. Mpaka leo hujaniuliza.”

Nikamuuliza kama inauma.

Akasema haiumi tena.

Kumbe hakuja kukaa. Amekuja kumchukua mama yake. Mama mkwe alishafunga vitu vyake tangu alfajiri, begi na jagi lake la chai. Mlangoni akanishika mkono, ule usiovimba, akasema alibaki wiki hii ili awepo mtu wa kuita watu nyumba ikishika moto. Alisema kwa upole. Ingekuwa afadhali angetukana ukoo.

Niliwabebea mizigo mpaka barabarani. Misumari alisimamisha gari akawafungulia mlango. Mke wangu alimshukuru. Mimi nilijishughulisha na kamba ya begi.

Nyumba imekuwa na sauti ya friji tu. Sikujua friji letu lina sauti.

Jumatano, 12 Machi

Jikoni kumeingia mende. Nilijua wataingia, watu wakipungua wao huongezeka. Wawili jana, leo familia nzima chini ya jiko, hawana haraka, wananitazama.

Safari hii nimejipanga. Magadi na sukari, nusu kwa nusu, kwenye vifuniko vya chupa. Majani ya bay, yale makavu ya kutia kwenye pilau, nyuma ya kabati. Vitunguu saumu vilivyopondwa kwenye mafuta ya taa, hivyo nitapaka milango yote, na kwenye bomba la sinki nitamwaga siki kila saa. Misumari anauza unga wa mende, ameuweka dirishani makusudi nione. Akae nao.

Nikiwa naponda saumu, mke wangu akapiga. Sauti yake ilikuwa ya zamani, ile ya kabla. Akasema nyumba ya dada yake ndogo, mama analala vibaya. Akasema hahitaji mengi kutoka kwangu. Niende leo nimchukue, nimwambie neno moja mbele ya mama yake, neno ninalijua, na watarudi wote.

Nilikuwa tayari kumjibu. Kweli kabisa, nilishafungua mdomo. Lakini hapo hapo mende mkubwa, baba yao bila shaka, akatoka chini ya jiko akaenda moja kwa moja kwenye kifuniko cha magadi! Nikamwambia mke wangu asubiri, asubiri kidogo, jambo linafanya kazi hapa, nitakwenda nikiwamaliza, Misumari atakoma.

Simu ikakatika.

Mtandao siku hizi ni mbovu sana.