Ukoko wa Jumapili

Jumapili, 7 Septemba

Yokasta hakuja kula. Jumapili ya pili hii! Nilipika wali, maharage na kuku wa mchuzi, nikaweka sahani mbili, nikakaa natazama mlango mpaka kuku akapoa. Tangu binti yangu ahamie chumba chake upande wa soko, mwezi wa kwanza, Jumapili ndiyo siku pekee ninayompata. Anaingia, anasema "Nibariki, mami," nambariki, halafu moja kwa moja jikoni kukwangua ukoko. Ukoko wa sufuria yangu ni wake tangu aote meno. Leo umebaki chini ya sufuria, umekauka kama kigae.

Doña Nurys, mama jirani yangu, akachungulia juu ya ukuta. Yule hachungulii bure. Akaniambia eti Yokasta ameonekana kwenye lile kanisa jipya, kwenye karakana ya zamani ya seremala, wale wanaofanya ibada mezani huku wanakula. Akaongeza taratibu, kama mtu anayetia chumvi: labda huko wanapika vizuri zaidi.

Naandika hapa ili mikono iwe na kazi, nisije nikamrushia kitu.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimempigia Yokasta simu. Nilipanga kuwa mpole. Nikamwuliza kwanza kama anakula. Akacheka, akasema mami, kule hiyo ndiyo kazi yetu. Nikamwuliza nani anapika. Akasema kila mtu analeta chake. Na wali je, nani analeta wali? Akaniuliza kama huku kwangu mvua imenyesha. Nimemlea mimi, kukwepa kwake nakujua.

"Don Eladio," akasema.

Mwanaume! Mjane, zamani alikuwa mpishi kwenye kambi ya wajenga barabara. Nikauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama wali wa huyo bwana unatoa ukoko.

"Unatoa, mami. Mwembamba kama biskuti."

Nikamwambia maharage yanaungua, nikakata simu. Jikoni hakukuwa na maharage.

Jumatano, 10 Septemba

Mpango wa kwanza: mbuzi. Nani anamkataa mbuzi? Nimemwambia Yokasta kwamba Jumapili nitapika mbuzi wa viungo, kama wa Krismasi. Akasema mbuzi wako nampenda sana, mami, lakini nimeshakubali kupanga sahani, kwa nini usije naye huyo mbuzi?

Mpango wa kwanza umekufa. Afadhali mbuzi sikuwa nimenunua.

Jumamosi, 13 Septemba

Mpango wa pili ni mzuri zaidi. Nitakwenda mwenyewe, kwa siri, na sufuria yangu. Watauonja wali wangu, Don Eladio ataona haya, ataacha kupika, meza itavunjika, mtoto atarudi nyumbani. Nilifikiria pia kumwagia chumvi kwenye sufuria yake, lakini chakula ni chakula, na mama yangu angefufuka kunichapa.

Nurys ameniazima miwani ya jua ya marehemu mumewe. Nimemwambia macho yananiuma. Amenipa pole, na yake yanacheka.

Jumapili, 14 Septemba

Asubuhi nilikwenda misa ya saa moja kama kawaida, Mungu asije akanielewa vibaya. Saa sita nikafika karakana: miwani, kilemba, sufuria imeviringishwa taulo. Mwanamke wa mlangoni akanikumbatia, akasema karibu mama yake Yokasta, kidevu ni kile kile. Siri yangu ilidumu hatua mbili.

Kule hakuna mgeni wa kukaa bure, kila anayeingia anapewa kazi. Mimi nikaambiwa niangalie mkate. Mkubwa, wa duara, umewekwa katikati ya meza mzima mzima, mkavu, hata kisu hakuna. Nikawahurumia. Watu wazima hawajui kuandaa mkate! Nikaukata vipande, nikapaka siagi na kitunguu saumu, nikaupasha moto kwenye jiko lao, nikaupanga kwenye sinia. Ulipendeza.

Mchungaji, kijana mrefu anaitwa Wilkin, akasimama, akanyoosha mikono kuumega mkate. Hapo ndipo nilipoelewa. Ibada yao inaanza kwa kumega mkate wa Bwana na inaisha kwa kikombe, na chakula chote kiko katikati. Na mimi mkate wa Bwana nimeupaka kitunguu saumu!

Karakana nzima ikanigeukia. Yokasta kafunika uso. Mimi natafuta mlango, na kwa ile miwani hata mlango siuoni. Mchungaji akainama juu ya sinia, akanusa.

"Bwana hakusema usiwe na siagi," akasema.

Walicheka mpaka meza ikatikisika. Akaubariki, ukazunguka, kila mtu akimpa jirani yake. Doña Bienvenida, bibi wa miaka tisini asiye na jino hata moja, aliufyonza wake amefumba macho. Kuna mtu aliuliza kama kimebaki kipande.

Halafu wali. Kule hujipakulii. Unampakulia aliye pembeni yako, naye anakupakulia. Na pembeni yangu nani? Mtu mfupi, kucha safi, shati limepigwa pasi mpaka kola. Don Eladio. Akanipakulia wake. Naandika kwa herufi ndogo: ni mtamu. Kibaya zaidi nilitaka nyongeza na siruhusiwi kujipakulia, ikabidi nimtazame kama paka.

Wangu uliisha wote. Yokasta akachukua kijiko cha chuma, akakwangua sufuria, ukoko ukatoka mzima kama sahani. Nikatabasamu. Mtoto amerudi! Halafu akaumega. Kipande huyu, kipande yule, watu ambao hata majina yao siyajui. Ukoko wa miaka ishirini na minne! Machozi yakaja. Nikamwambia Don Eladio ni kitunguu saumu.

Kipande cha mwisho akakileta kwangu.

"Huu wako, mami."

Nikamwambia ale yeye, mimi sipendi ukoko.

"Umejuaje? Sijawahi kukuona ukiula."

Nikautia mdomoni. Ni kweli. Tangu aote meno sijawahi kuuonja.

Jamani. Napika ukoko mzuri.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimetafakari sana yaliyotokea jana, na nimejifunza jambo moja kubwa: sufuria yangu ni ndogo.

Nurys amekuja kuchukua miwani. Aliuliza macho yanaendeleaje, akauliza na huko kulikuwaje. Nikasema hakuna cha maana.

Jioni kapiga simu Don Eladio, sauti ya upole. Anaomba siri ya ile rangi ya dhahabu ya ukoko wangu. Mpango wa tatu huo, umejileta wenyewe kwa miguu yake! Nikamwambia akoroge wali kila dakika tano, asichoke. Mtu yeyote mwenye jiko anajua ukoko hautaki kuguswa. Akanishukuru mara tatu. Ile ya tatu ilinichoma hapa kifuani. Lakini nikamtakia usiku mwema, nikakata simu.

Jumapili, 21 Septemba

Wali wa Don Eladio ulikuwa uji! Ukoko hakuna hata wa kuazima. Nikakaa wima, nikasubiri aibu imshike.

Doña Bienvenida alikula sahani mbili. Siku zote wali humsumbua, huuloweka kwenye mchuzi kwanza, leo umeteleza wenyewe. Akamshika Don Eladio mkono akimwita mwanangu. Don Eladio akasema asishukuriwe yeye, ashukuriwe Doña Ercilia, ndiye aliyemfundisha. Meza nzima ikanipigia makofi. Mimi! Nilitamani kuingia kwenye sufuria nijifunike.

Akaniinamia sikioni.

"Nimepika wali miaka arobaini, doña. Nikajiuliza, huyu mama ananidanganya kwa faida ya nani? Nikamkumbuka bibi yetu asiye na meno."

Halafu akanipakulia kuku, paja. Huyu mtu ni hatari. Lazima niwe naye macho kila wiki.

Si hilo tu. Katikati ya chakula mlango ukafunguka, akaingia mwanamke na miwani ya jua ya marehemu mumewe, kabeba sufuria kubwa kuliko yangu. Nurys! Eti macho yanamuuma. Wakamkumbatia, wakampa kazi ya kuosha vikombe, na wali wake wakausifu. Mimi mkate wangu wa kitunguu saumu wameshauandika ukutani kwamba ni wa kila Jumapili, kwa hiyo sina neno. Lakini sufuria ile nimeipima kwa macho. Kesho nanunua yenye kitako kipana zaidi.

Ieleweke lakini: mimi kule sina haja nako. Nakwenda kumwangalia mtoto tu, nimrudishe nyumbani. Yokasta ameniambia Jumapili ijayo ana zamu kwenye duka la dawa, kanisani hatakuwepo, na atapita kwangu kula mchana.

Nimemwambia ufunguo uko chini ya chungu cha maua. Mimi nitakuwa nimeshatoka tangu saa nne kwenda kumwangalia, niwahi jiko kabla ya Nurys.