Simbilisi Hawaogopi Baridi

Jumatatu, 1 Julai 1974

Manyunyu tangu alfajiri. Ukungu umeficha hata mikaratusi ya Ongeri. Hilo ndilo jambo jema la leo.

Naandika kwa Kiswahili, lugha niliyoiokota kambini Kericho nilipokuwa mpishi wa Mzungu wa chai. Mke wangu Bitutu husoma Kigusii tu. Mengine na yabaki kwangu.

Mzungu amerudi kwao, nami nimerudi kwangu, Masimba. Siku ya kuagana binti yake mdogo alilia, akaniachia sanduku lenye simbilisi wawili. Jina hilo nilifundishwa na dereva mmoja kutoka Tanzania. Ni mnyama mdogo, mfano wa sungura aliyenyimwa masikio na mkia. Dume nimemwita Meja. Jike ni Malkia, mweupe, ana kiraka cheusi kwenye jicho, na amenona ajabu. Msichana aliniapisha kwamba kila siku nitawatoa nje wakimbie kwenye majani, la sivyo watakufa kwa kukaa bure. Nikaapa. Mtoto analia, utafanyaje?

Hakusema lolote kuhusu mvua. Basi mvua imo ndani ya kiapo.

Ongeri, jirani yangu na mzee wa kanisa, alikuja kuwatazama. Aliuliza kama Kericho huwa wanakata panya mikia kabla ya kuwatoa zawadi. Halafu akasema Julai ya huku inaua ndama, sembuse hao. Nilimjibu kwamba hawa ni wanyama wa Wazungu, na Wazungu ni watu wa baridi. Joto ndilo litakalowaua! Ongeri alicheka mpaka akashikilia ua. Ataona huyo. Nimeapa mbele ya mtoto, na sasa nimeapa mbele ya Ongeri. Simbilisi hawa hawafi.

Jumanne, 2 Julai

Mazoezi yameanza. Nimechukua tenga la ndizi, nikalitoa kitako, nikaliweka uani kwenye majani mabichi. Simbilisi ndani, mimi pembeni na mwavuli. Mwavuli wangu, si wao. Wao wanafanya mazoezi.

Hawakukimbia. Walijikunyata pembeni, Meja juu ya Malkia, manyoya yamesimama. Bitutu alipita na kikapu cha chai mgongoni akasema wanyama wanatetemeka kwa baridi. Nilimweleza kwa upole kwamba kutetemeka nako ni mazoezi, ya ndani. Akasema kama ni hivyo yeye yuko mazoezini tangu saa kumi na mbili, na kama ningependa kujiunga naye shambani, vikapu vipo.

Bitutu hajawahi kufika Kericho. Simlaumu.

Jana usiku alikuwa amewaweka karibu na jiko. Nimewarudisha barazani. Watazoea vipi?

Ijumaa, 5 Julai

Siku tatu tengani, siku tatu za kujikunyata. Nimegundua kasoro. Kule kwao hata mbwa wa Mzungu alikuwa na koti! Simbilisi wangu wanatolewa uchi.

Nimepata sweta kuukuu kwenye sanduku la nguo, rangi ya damu ya mzee, sufu nzuri nzito. Nimekata mikono miwili. Kila mkono koti moja, tundu nne za miguu. Nimeshona haraka kabla jua halijatua, maana likitua ni Sabato na sindano hailali na Sabato. Meja amependeza. Malkia koti limembana tumboni. Anakula vizuri kwangu, hilo Ongeri hawezi kulikana.

Sabato, 6 Julai

Sweta haikuwa kuukuu.

Ni ile ambayo Jethro, mwanetu, alimnunulia mama yake Kisumu kwa mshahara wake wa kwanza. Ilionekana kuukuu kwa kukunjwa tu. Bitutu huivaa kanisani na mazishini tu. Aliivaa asubuhi hii, akainua mikono yake, akaitazama.  Afadhali angesema kitu.

Alikwenda kanisani amejifunika blanketi. Waliomwuliza aliwaambia kila kitu, kuanzia kisanduku. Ongeri katika maombi yake alimwomba Bwana awavike walio uchi, na awarudishie fahamu wanaowavika wasiohitaji. Akina mama wote waliitika amina. Kwa nguvu!

Nimemwambia Bitutu nitamnunulia nyingine. Ameniuliza hiyo nyingine itakuwa ya saizi gani, yake au ya panya.

Jumapili, 7 Julai

Makoti yamejaribiwa. Sufu hunywa maji kuliko fahali. Baada ya muda mfupi Meja hakuweza kuinua mguu, na Malkia alilala kifudifudi kama tambara la kudekia. Nimewavua, nikawakausha kwa shati langu mwenyewe. Malkia alitia pua yake kwenye kiganja changu akabaki hapo. Nakiri hapa, ambapo hakuna wa kusoma: nampenda sana mnyama huyu. Jikoni Kericho, siku Mzungu alipokuwa na hasira, msichana alikuwa akimleta nimshike, na hasira zote za nyumba ile zilipungua uzito.

Kosa ni tenga. Nani atakimbia gerezani? Kesho wanatoka huru.

Jumatatu, 8 Julai

WAMEKIMBIA!

Niliwaweka katikati ya uwanja, manyunyu yakianguka, bila tenga, bila koti. Nikapiga makofi mara moja. Walitimka! Malkia mbele, tumbo likifagia majani, Meja nyuma yake. Nilipiga kelele ya furaha. Ongeri angekuwepo!

Walikimbia moja kwa moja mpaka nyumba ya Jethro, wakapita chini ya mlango, wakaingia.

Hapo furaha iliniishia. Jethro yuko kazini Kisumu. Ndani yumo mkewe, Nyaboke. Na kwetu baba hakanyagi nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata kizingiti. Hata ng'ombe akiingia humo na mahindi yote. Ndiyo chinsoni, heshima ya mkwe, na nimeishika tangu Nyaboke aolewe. Tukikutana njiani tunasalimiana kila mtu akitazama upande wake. Niliona moshi ukitoka paani. Wamefuata moto, wasaliti.

Kumwita kwa sauti kutoka mlangoni pake ni aibu. Kukaa kimya ni kuwapoteza. Kando ya nyumba kuna mgomba. Niliugeukia, nikauambia mgomba kwamba kuna wageni wangu wawili wameingia mahali kwa bahati mbaya, na aliye ndani, kama yuko, angewasukuma nje taratibu, mazoezi hayajaisha.

 Kisha nikasikia Nyaboke ndani akimwambia kuku wake kwamba mgeni aliyejileta mwenyewe akikimbia mvua harudishwi mvuani. Hayo hata kuku anayajua.

 Nilisimama hapo mpaka shati lilinigandia mwilini. Bitutu aliporudi nilimwomba akawachukue, yeye hakimzuii kitu kuingia. Akasema wamehama wenyewe kwa miguu yao minne, na yeye hahamishi watu.

Jumanne, 9 Julai

Malkia ni mgonjwa.

Bitutu ametoka kwa Nyaboke na habari. Anapiga chafya. Pua inatoka maji. Amejilaza kando ya mafiga, hagusi majani. Meja mzima, anakula kwa wawili. Nilisema pengine ni joto la moto, hakulizoea. Bitutu alinitazama kama alivyoitazama ile mikono ya sweta.

Mimi nami napiga chafya. Hakuna anayeniwekea majani kando ya mafiga.

Siwezi kumwona. Nyumba iko hatua chache kutoka kiti changu na ni kama iko Uingereza. Nimemwandalia karoti, nikazikata nyembamba kwa mtindo wa karamu za Kericho, nikazipanga kwenye sahani nzuri na kuiacha mbali kidogo na kizingiti, kisha nikauarifu mgomba. Jioni sahani ilirudi imeoshwa. Bitutu anasema karoti zilikuwa tamu. Hakusema zilimpendeza nani.

Jumatano, 10 Julai

Kutazama dirishani kwa mkwe ni haramu kabisa. Lakini kusikiliza? Hakuna mzee aliyewahi kunikataza kusikiliza. Malkia akiwa mzima hupiga mluzi mwembamba akisikia sauti yangu. Nikisikia mluzi, yu hai.

Basi nilizunguka nyuma ya nyumba ya Jethro, nikafumba macho kwa heshima, nikaweka sikio kwenye ukuta wa udongo. Nikaita polepole. Malkia. Malkia wangu. Njoo mama.

Kufumbua macho, Ongeri!

Amesimama kwenye mpaka na panga la kukatia majani ya ng'ombe, mdomo wazi. Nilimwambia nasikiliza mchwa. Akauliza tangu lini mchwa wakaitwa malkia na kubembelezwa. Nilisema kila kichuguu kina malkia wake, hilo liko hata shuleni. Akasema yeye ni mzee wa kanisa, ni mzee wa ukoo pia, na katika nafasi zote mbili angeshukuru nikitoka kwenye ukuta huo. Nilitoka.

Mluzi sikuusikia.

Alhamisi, 11 Julai

Ongeri alirudi asubuhi. Nilijua ni mashtaka, na labda kondoo wa kutakasa ukuta. Kumbe amemwuliza Bitutu, na Bitutu amemweleza. Alikaa nami barazani. Alisema, akitazama kwingine, kwamba ndama wake wa mwaka juzi naye alianza kwa pua. Hakusema alikwishaje. Kwenda zake aliacha mzigo wa majani makavu aliyokuwa ameyahifadhi ghalani, akasema ni ya ng'ombe yaliyozidi.

Ng'ombe wa Ongeri hawajawahi kuzidiwa na majani. Bitutu ameyapeleka ndani.

Mchana nilimwomba Mungu. Sikutaja kwamba ni mnyama. Nilisema tu Malkia, nikaona Yeye atajua.

Nikamfikiria yule msichana. Kama Malkia akifa nitamwandikia nini? Kwamba nilitimiza kiapo mpaka nikamwua? Nilichukua karatasi, nikaiweka chini tena. Bitutu aliona, akaniletea uji wa wimbi wa moto, akakaa hapo mpaka nikaumaliza. Hakuitaja sweta. Mwanamke huyu!

Ijumaa, 12 Julai

Vigelegele kutoka kwa Nyaboke! Saa mbili asubuhi! Nilidhani Jethro amerudi.

Bitutu alikuja mbio, mwanamke wa umri wake, akashindwa kusema kwa kicheko. Malkia amezaa. Watatu! Wana manyoya tayari, macho wazi, wanatembea. Chafya imeisha, amekula majani ya Ongeri na kuomba mengine. Bitutu anasema tangu siku ya kwanza alijua mimba ile, mtu yeyote mwenye macho angeijua. Alidhani najua. Alidhani ndiyo maana nilimwita mnene kwa majivuno.

Nilibaki nimekaa. Ule unene. Lile koti lililombana.

Muda kidogo mlango wa nyumba ya Jethro ulifunguka. Nyaboke akatoka na ungo, akauweka chini ya upenu mahali pakavu, akarudi nyuma mpaka kwenye mgomba na kugeuza uso. Ndani ya ungo, kwenye majani makavu, Malkia na wanawe. Nilikwenda. Nilichuchumaa. Nilisema jina lake.

Akapiga mluzi.

Nililia, ndiyo, manyunyu yalinisaidia. Nikauambia mgomba asante, na kwamba Jethro alioa vizuri. Mgomba, yaani aliyekuwa nyuma yake, ukamwambia kuku kwamba baba naye aingie kwake akajikaushe, chafya zake zinasikika mpaka ndani. Na kwamba mtoto mmoja tayari ana jina. Ameitwa Kericho, kwa sababu hanyamazi.

Jumapili, 14 Julai

Manyunyu. Baridi kali. Siku nzuri.

Nimeyapima yote kwa utulivu na kila kitu kimethibitika. Malkia alitolewa nje kwenye baridi. Akakimbia. Siku chache baadaye ana watoto watatu wenye afya. Kama si mazoezi, ni nini? Nilimweleza Ongeri hayo baada ya kumshukuru kwa majani. Alisema ataniweka katika maombi ya Jumatano. Naona ameanza kukubali.

Kasoro ni moja tu: tulichelewa. Malkia na Meja walianza ukubwani. Watoto waanze sasa, wakiwa wachanga, mwili uizoee Julai. Kiwiliwili cha sweta ya Bitutu bado kipo sandukuni, hakina kazi tena bila mikono, na kinatosha makoti matatu madogo. Yenye vifuniko vya kichwa safari hii. Maji yaliingilia shingoni, sasa najua.

Nilikwenda kwenye mgomba, nikauambia kwa adabu zote kwamba kesho, mapema, kabla mvua haijachoka, watoto wale wanatakiwa uwanjani.

Ndani nikasikia komeo likisukumwa. Kisha gunia likitandazwa chini ya mlango. Kisha kuni zikiongezwa motoni, na Malkia akapiga mluzi.

Nadhani mgomba haukunielewa vizuri. Kesho nitauambia tena, kwa sauti kubwa zaidi.