Shaba ya Kuweka Juu

Tapeli Ulimi aliposikia kuna kampuni inanunua chembe za shaba bila kuuliza zimetoka wapi, mradi maabara iridhike, alijikuta ghafla anaipenda sayansi. Uani kwake palikuwa na rundo la magunia ya shaba iliyochanganywa na vumbi la matofali. Kilichokosekana ni kitu cha kupendezesha juu.

Akamwendea shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa kuyeyusha shaba. "Niazime magunia mawili ya ile safi, shemeji. Jioni nakurudishia."

"Ile ni kazi yangu ya kesho," shemeji akasema. "Isiporudi, namchukua dada yangu."

Ulimi alikwishaudanganya mji mzima, lakini upendo wake kwa mkewe ulikuwa wa kweli. Akaapa.

Mtaalamu wa sampuli wa kampuni ile, mwanamke, alikuja na gari dogo, koti jeupe na bomba refu la kudungia magunia. "Utaratibu wetu ni kudunga kila gunia, juu, kati na chini," akasema, "ili sampuli iwakilishe mzigo wote."

"Utajichosha bure na jua hili, mtaalamu. Mzigo ni uleule, kama sukari ya kopo moja. Chota hapa juu."

Mwanamke yule akalitazama jua, akakubali upesi kuliko inavyompasa mwanasayansi. Ila mashine yao ilikuwa kubwa, akaeleza. Kiganja kimoja hakitoshi. Apewe gunia. Mawili yangefaa zaidi, kipimo kikirudiwa asibishe mtu. Yote yangerudi jioni hiyohiyo, pamoja na malipo.

Ulimi akayabeba mwenyewe hadi garini, akatia saini kwenye lebo ili, kama alivyoambiwa, pasitokee mjanja wa kuyabadilisha. Kicheko kilimkaba hadi akajifanya anakohoa.

Jioni akampigia simu mtaalamu kuuliza matokeo.

"Safi kabisa, kaka. Nimeshaiuza."

"Na mzigo wangu?"

"Baki nao. Mimi sinunui mizigo, nachukua sampuli tu. Waaminifu hawanifaidishi, juu na chini kwao ni hafifu vilevile. Nyinyi ndio mnaoniwekea safi juu. Polisi nenda, ila uwaeleze na hayo matofali."

Simu ikakatwa. Ulimi alikuwa bado ameishika sikioni shemeji alipoingia uani.

"Shaba yangu iko wapi?"

"Imefaulu, shemeji," Ulimi akasema kwa sauti ndogo. "Maabara wameisifu sana."

Shemeji akaitazama ile nafasi tupu juu ya rundo, kisha akageukia dirisha la jikoni.

"Dada, funga mizigo. Matokeo tutayasubiri nyumbani kwetu."