Kinga Nne kwa Kompyuta Moja

Jumatatu, 9 Septemba

Siku imeanza vizuri mno. Kahawa mbili, jua roshani. Nikafungua kompyuta kuangalia hali ya hewa ya Hanover, anakoishi binti yetu Ralitsa, na katikati ya skrini likatokea dirisha jekundu. Kompyuta yangu ina virusi mia tatu na kumi na mbili! Nibofye hapa niokolewe. Nikabofya. Nani asingebofya?

Ikaingia antivairasi yenye ngao ya kijani, ikajipanga yenyewe bila kunisumbua. Dakika tano tu, ikatangaza kwamba virusi vimebaki kumi na moja. Maendeleo makubwa.

Nikapanda ghorofa ya nne kumpa Stoimen taarifa, kwa ujirani mwema. (Uongo. Nilipanda kuringa. Shajara ni yangu, sina sababu ya kujificha humu.) Stoimen alikuwa fundi wa simu mpaka alipostaafu, na tangu hapo anajiona daktari wa kila kitu chenye waya. Mimi nilikuwa msoma mita za maji kwa miaka thelathini, na hajawahi kuacha kunikumbusha. Akasema lile dirisha jekundu ndilo mwizi mwenyewe, amekuja mlangoni kavaa sare ya polisi, nami nimemkaribisha na kumwekea kiti. Yeye hana antivairasi yoyote ya kuongeza. Kompyuta yake ilikuja na mlinzi wake ndani, yeye anamruhusu ajisasishe akitaka, na hafungui kitu asichokijua. Basi. Miaka sita haijawahi hata kupiga chafya.

Nikamwambia mlinzi wa bure ni mlinzi anayelala kazini. Akacheka kwa pua. Kile kicheko cha pua ndicho kilichoniponza. Nikaweka dau hapo hapo: mpaka Jumapili jioni, atakayepata virusi atamchomea na kummenyea mwenzake pilipili hoho zote za msimu, za kuweka akiba ya majira ya baridi. Mimi ninazo kilo arobaini. Yeye sitini. Akanipa mkono kabla sijamaliza kusema.

Tena Jumapili yenyewe si ya kawaida. Saa sita mchana kwa saa zetu, huko Hanover, mjukuu wetu Kalin ataviringishiwa mkate wa hatua zake za kwanza. Ataufuata mkate mpaka kwenye kitambaa kilichopangwa vitu, na atakachoshika ndiyo kazi yake ya ukubwani. Sisi tutatazama kwa kompyuta. Zile hatua zake tatu za wiki iliyopita sikuziona, nilisimuliwa. Hizi sizikosi.

Jumanne, 10 Septemba

Nimetafakari. Kama antivairasi moja imeondoa virusi mia tatu na moja kwa dakika tano, nne zitafanya nini! Nimeongeza tatu nyingine, zote za bure. Moja ina ngao ya bluu, moja ina ngome, na moja ina simba mwenye miwani ambaye simwelewi lakini ana uso wa kazi.

Nimekutana na Stoimen kwenye ngazi akipandisha magunia ya pilipili, nikamweleza kwamba nyumba yenye mbwa wanne haiibiwi. Hakusimama hata kupumua.

“Wafungie chumba kimoja, jirani,” akasema. “Uone watamng'ata nani kwanza.”

Wivu mtupu.

Spaska mke wangu naye ameleta kinga yake. Amefunga uzi mwekundu kwenye waya wa kompyuta na kutundika punje tatu za kitunguu saumu dhidi ya kijicho. Amesema mama yake alimlinda ng'ombe kwa njia hiyo miaka kumi na saba. Nikamuuliza ng'ombe huyo alikuwa na intaneti? Akaniuliza chakula cha mchana nakula kwetu au kwa simba wangu. Uzi umebaki.

Jumatano, 11 Septemba

Kompyuta imechukua muda kidogo kuwaka. Nimenyoa ndevu, nimekunywa supu ya maziwa ya mgando na matango, nimemwagilia mnyanya, nikarudi. Bado inajiandaa. Haidhuru. Mashine yenye shughuli nyingi ni mashine salama.

Ngao ya bluu imeripoti kwamba ngao ya kijani ni hatari. Kijani nayo imemshtaki simba. Ngome imewaweka wote karantini, kisha imejiweka na yenyewe. Walinzi makini wanaoshuku kila mtu! Nimefurahi sana.

Nimempigia Ralitsa kwa simu kuhusu kitambaa cha Jumapili. Nimetaka wazi wazi kiwepo kipanya cha kompyuta, tena mbele, mahali mtoto hawezi kukiruka. Ukoo wetu umeshasoma mita vya kutosha, huyu awe mtaalamu. Spaska akaninyang'anya simu, akataka mwiko wa jikoni uwe mbele. Ralitsa akasema vyote vitakuwepo, pamoja na mkasi, kalamu na kitana, na tafadhali Baba, hakikisha tu kompyuta inawaka mapema. Nikamjibu kwamba kompyuta ya baba yake ndiyo salama kuliko zote hapa mjini Yambol.

Alhamisi, 12 Septemba

Mpango! Umenijia nikipiga mswaki.

Dau halisemi virusi vije vyenyewe. Kwa hiyo nimechukua flashi ya zamani na kuijaza kila kitu ambacho dirisha jekundu limekuwa likinipa kama zawadi: saa za ukutani, paka wanaocheza, programu ya kuharakisha kompyuta. Antivairasi zangu hazikusema neno. Zilikuwa zinagombana. Kisha nikabandika karatasi na kuandika kwa mkono: SIRI – NANI HALIPI ADA YA LIFTI. Katika jengo letu hakuna aliyezaliwa na mwanamke awezaye kuipita flashi ya namna hiyo.

Nimeiangusha mbele ya mlango wa Stoimen saa nne asubuhi, nikashuka kwa vidole vya miguu. Kilo sitini atanimenyea mwenyewe kwa machozi. Hapana, arobaini. Sitini ni zake. Ila nimefurahi hivyo hivyo.

Ijumaa, 13 Septemba

Msiba. Kwenye mlango wa chini, pale tunapobandika matangazo ya vifo, kuna karatasi mpya. Kwa mbali nikadhani ni Bibi Yordanka wa ghorofa ya pili, nikavua kofia. Nikasogea. Ni Stoimen: imeokotwa flashi, hakuifungua kwa sababu hajui ilikotoka, mwenyewe aje aichukue na aeleze kilichomo.

Hakuifungua! Ada ya lifti, na hakuifungua! Mtu wa namna gani huyu?

Siwezi kwenda kuichukua. Nitaeleza nini? Nimeamua kusahau.

Jumamosi, 14 Septemba

Spaska ameichukua. Alisoma tangazo, Stoimen akamwonyesha flashi, akautambua mwandiko wangu. Akahisi humo zimo picha za Kalin nilizowahi kusema zimepotea, na karatasi ni moja ya michezo yangu, akaichomeka kwenye kompyuta yetu. Mimi nilikuwa sokoni kutafuta mbilingani. Nimerudi na kumkuta amekaa mbele ya skrini, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyevunja sahani ya watu.

Paka wanacheza kila pembe. Saa nane za ukutani, kila moja na wakati wake. Walinzi wote wanne wanapiga kelele kwa pamoja. Tumezima, tumewasha, tumengoja, tumezima. Kufika jioni paka wamebaki wawili na kompyuta imekubali kufungua ukurasa mmoja kwa kila sufuria ya chai.

Nimemwomba Spaska asimwambie mtu mpaka Jumatatu. Akasema yeye hana shida na pilipili za watu, shida yake ni mjukuu wake kesho saa sita. Nikamwahidi.

Jumapili, 15 Septemba

Naandika yote, hata yale ya aibu.

Kompyuta nimeiwasha saa mbili asubuhi. Saa nne imewaka. Spaska amevaa gauni la harusi za watu, na mkate wake mwenyewe ameuoka na kuuweka mbele ya skrini kwenye taulo jeupe. Saa sita kasoro dakika kumi na mbili Ralitsa akapiga. Nikaona jina lake! Hapo hapo yakaruka madirisha manne. Mgeni asiyejulikana amezuiwa. Nikairuhusu ngao ya kijani, bluu ikazuia. Nikairuhusu bluu, ngome ikafunga. Simba akafuta namba yenyewe. Wiki nzima hawa wanne hawakuwahi kukubaliana neno, na leo wamekubaliana moja tu: mjukuu wangu ni hatari.

Saa sita kasoro saba. Nabofya, paka anacheza. Spaska akasimama, akaubeba mkate kwapani.

“Baki na walinzi wako, Baba Ralitsa,” akasema. “Mimi napanda kwa Stoimen.”

Nikakaa peke yangu dakika nzima. Kilo sitini. Kile kicheko cha pua, miaka kumi ijayo kila nikikutana naye kwenye ngazi. Kisha nikawaza hatua tatu nilizosimuliwa, nikapanda na ndara miguuni, ngazi mbili mbili.

Stoimen alikuwa amesimama mlangoni. Akanitazama ndara.

“Virusi?”

“Virusi.”

Hakucheka. Akasema niingie, mke wangu ameshakaa mahali pazuri.

Kompyuta yake iliwaka kabla sijakaa. Imezeeka kuliko yangu, na haina hata ngao moja. Spaska akamtajia namba kwa kichwa, Ralitsa akatokea. Nikamuuliza Stoimen, kwa kumchokoza kidogo, si yeye hafungui asichokijua?

“Huyu namjua,” akasema. “Nilimshikia baiskeli akijifunza, huko chini uani. Wewe ulikuwa kwenye mita zako.”

Mkate ukaviringishwa. Kalin akasimama, fulana nyekundu, magoti mekundu vilevile. Hatua moja. Mbili. Spaska ameshanishika mkono wangu na wa Stoimen pia. Kitambaa kile pale: mwiko mbele, kipanya mbele, vimewekwa sawa kabisa. Mimi nikashindwa kunyamaza, nikamwita jina. Mtoto akageuka. Mkate akauacha ukienda zake, mwiko akaukanyaga, kipanya hakukiona, akaja moja kwa moja kwenye sauti. Hatua ya nne, ya saba, ya tisa! Uso ukawa mkubwa, mkubwa zaidi, kisha kiganja kimoja kidogo kikaziba skrini nzima.

Ralitsa akasema ameshika kompyuta, basi Baba umeshinda. Mimi nilijua hakuishika kompyuta. Nililia. Stoimen akafuta miwani ambayo haikuwa na kitu. Kisha Kalin akapiga kibodi na mawasiliano yakakatika, na sisi watatu tukaula mkate wa Spaska na kunywa rakia ya Stoimen, ile pombe kali ya matunda, mpaka saa kumi.

Siku nzuri kuliko zote za mwaka huu.

Jumanne, 17 Septemba

Kilo ishirini na mbili zimechomwa, thelathini na nane zimebaki. Mikono haina ngozi. Stoimen anakaa kando kwenye kigoda, anasema lile ganda nimelisahau, na lile. Amenitolea paka wote na antivairasi zote, akaacha mlinzi aliyekuja na kompyuta, na uzi wa Spaska. Mashine inawaka kabla sijafika kwenye kiti. Amenieleza mara tatu, polepole, nami nikamshukuru kwa moyo wote.

Lakini nimefikiri nikimenya. Mtoto aliyeishika kompyuta akiwa hajatimiza mwaka atazishika nyingi. Na mama yake hana antivairasi yoyote! Alisema mwenyewe, kwa sauti ya kawaida kabisa. Babu akae kimya?

Nimengoja Stoimen aende kulala mchana, nikazipata tena zote nne kwenye intaneti, hata simba, nikamtumia Ralitsa kwa barua pepe pamoja na maelezo marefu. Nimeongeza ya tano, ambayo dirisha la njano limenipa leo asubuhi.

Barua imerudi. Mlinzi wa kompyuta yake, yule yule wa bure, ameandika kwamba mtumaji huyu ni hatari. Mimi! Baba mzazi!

Nyumba ile haiko salama hata kidogo. Kesho namtumia tena, mara mbili.