Maradhi ya Magole Mtaani Chanji

Jumatatu, 4 Agosti 1975
Baridi ya kukata masikio. Kuku mweupe wa mke wangu Tusajigwe hali chakula tangu jana. Amejikunyata, gole, kile kifuko cha kooni, limevimba chini ya shingo, gumu kama ngumi. Balaa! Kuku huyu ni kama mtu wa ukoo: mama mkwe alimpakata kwenye basi kutoka Mbeya. Tusajigwe kauliza nani aliyejaza banda nyasi kavu ndefu. Ni mimi. Nilitaka kuku wetu walale vizuri kuliko wa jirani Beda, fundi cherehani. Sikujua wangekula godoro! Kasema nimpeleke kwa bwana mifugo. Mimi, karani wa serikali, nipite mjini na kuku kwapani, Beda akiniona? Thubutu. Nitamtibu mwenyewe.

Jumanne, 5 Agosti
Nimefikiri sana ofisini (kazi zilikuwa chache). Gunia la mahindi ukilitikisa, mahindi hushuka. Kwa hiyo: gwaride! Jioni nimemkimbiza kuku kuizunguka nyumba, kushoto, kulia, kama mgambo. Mzunguko wa saba nikaanguka. Si kuku, mimi. Beda alikuwa anachungulia juu ya ua. Alicheka mpaka akakaa chini. Mama Hilaria wa nyumba ya nyuma, Mfipa wa Mollo aliyefuga kuku tangu sijazaliwa, hakucheka. Alimchukua mgonjwa, akaingia naye jikoni kwa Tusajigwe. Wamenong'ona huko muda mrefu. Mambo ya wanawake.

Alhamisi, 7 Agosti
Amepona! Gole limelainika, kuku anaparua kama zamani. Tusajigwe anadai walimnyima chakula, wakampa maji na mafuta kidogo ya vuguvugu, wakamkanda gole polepole asubuhi na jioni. Nimemwambia mafuta hayana ubaya, ila kazi kubwa imefanywa na gwaride.

Saa kumi na mbili jioni nikapita kwa Kornel, balozi wetu wa nyumba kumi, kumweleza uvumbuzi wangu. Kwa heshima nikamkagua jogoo wake. Gole limejaa! Mitetea yake? Wote wamejaa! Nyumba ya pili, ya tatu, ya kumi. Kuku arobaini na watatu, na kila mmoja ana uvimbe. Mlipuko wa maradhi! Balozi kashika kichwa. "Ndugu Andwele, sasa tufanyeje?"

Hakuna kiongozi aliyewahi kuniuliza hivyo. Nimerudi nyumbani nikitembea mikono mgongoni.

Ijumaa, 8 Agosti
Balozi ametangaza: kila jioni gwaride la kuku, kila nyumba. Kuchinja marufuku. Chanji nzima inakimbia! Mzee Zenon, mwenye miaka sabini, kamfukuza mtetea wake hadi barabara kuu. Mayai yameadimika, lakini nidhamu ipo.

Beda kaja, kofia mkononi. Jumapili anambatiza mtoto, wageni wanapanda kutoka Kasanga, kuku wanane ameshawatenga. Kaomba nizungumze na Balozi. Nikamjibu afya ya umma kwanza. Lo, utamu wa maneno hayo! Kwa huruma nimemshauri apike maharage.

Jumamosi, 9 Agosti
Aibu.

Alfajiri Beda alipanda baiskeli, akarudi na bwana mifugo, Ndugu Rafaeli. Wakapita banda kwa banda, watu nyuma yao. Kila gole tupu, laini. Kuku wote wazima! Ndugu Rafaeli kaniuliza nilikagua saa ngapi. Nikasema jioni.

"Baada ya kuku kushinda wakidonoa ulezi ulioanikwa kwenye mikeka?"

Nikasema ndiyo. Akaeleza, kwa sauti ya kusikika hadi mjini, kwamba gole ni ghala la kuku: jioni lazima lijae, usiku chakula kinashuka. Mgonjwa ni yule anayeamka asubuhi gole bado limejaa. Watu walicheka hadi machozi. Balozi hakucheka. Mzee Zenon, akisugua goti, aliuliza mara mbili mimi ni mtoto wa nani.

Kisha Tusajigwe akasimulia ile dawa ya mafuta. Ndugu Rafaeli kamsifu mbele ya wote, akawaomba yeye na Mama Hilaria wawafundishe kina mama wengine. Mimi nimeagizwa kufagia banda. Nilipokuwa nafagia, Beda kachungulia. Nikajiandaa kutukanwa. "Kesho njoo ule kuku, Daktari," akasema. Nikafagia mpaka nje ya banda.

Jumapili, 10 Agosti
Sherehe nzuri! Beda kanikalisha karibu na Balozi tupatane, na tumepatana kwenye sahani ya pili. Mke wa Beda kaniwekea paja. Tusajigwe alicheka sana, hata kwa visa vyangu.

Baada ya kula nikatoka kupunga upepo. Mbuzi wa Beda amelala kivulini. Hana jani mbele yake, lakini anatafuna! Anatafuna nini? Akameza. Kimya. Halafu donge likapanda shingoni, nimeliona kwa macho yangu, akaanza kutafuna upya! Nimezunguka mtaa mzima. Mbuzi kumi na mmoja, dalili zilezile, na wenye mbuzi wamekaa tu wanapiga soga!

Kesho nawahi kwa Balozi.